Freelite: kipimo kizuri kwa anayejua kukisoma

Daktari anayeanza utafiti wa magonjwa ya seli za plazma (seli zinazotengeneza kingamwili) atakitegemea kipimo hiki cha Freelite kuliko karibu kingine chochote cha damu. Kinastahili. Ila karatasi ya majibu haisemi kila kitu.

Freelite ilibuniwa na Binding Site ya Birmingham, Uingereza, ambayo sasa iko chini ya Thermo Fisher. Hupima minyororo myepesi huru, yaani vipande vidogo vya kingamwili vinavyoelea peke yake katika damu, vya aina mbili: kapa na lamda. Kingamwili zake za kondoo hushika sehemu inayofichika pindi mnyororo mwepesi unapoungana na mzito, kwa hiyo kingamwili iliyo kamili, kama IgG, haihesabiwi. Kawaida ni kapa 3.3–19.4 mg/L, lamda 5.7–26.3 mg/L, uwiano wa kapa kwa lamda 0.26–1.65.

Figo ndizo zinazowapoteza wengi. Kapa husafiri peke yake, kilodaltoni 25 hivi. Lamda mara nyingi huwa wawili wawili, kama 50, hivyo figo yenye afya huichuja kapa haraka zaidi. Figo zikichoka, tofauti hiyo hufifia na uwiano hupanda hata pasipo saratani. Utafiti wa iStopMM wa Iceland, wa kuchunguza mayeloma (saratani ya seli za plazma), umependekeza viwango vya uwiano kufuata eGFR, yaani kasi ya figo kuchuja damu (mL kwa dakika): 0.46–2.62 kwa 45–59, 0.48–3.38 kwa 30–44, na 0.54–3.30 chini ya 30. Usiandike “uwiano si wa kawaida” bila kutazama kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo.

Kasoro ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu inajificha. Minyororo ikizidi mno, kingamwili hulemewa, ukungu unaosomwa na mashine hupungua, na mgonjwa mwenye maelfu ya mg/L hutoka na jibu dogo. Namba ikipingana na uboho au figo, omba sampuli izimuliwe zaidi na kupimwa upya.

Bechi za vitendanishi (kemikali za kipimo) nazo hutofautiana. Kwa utafiti wa kufuatilia wagonjwa, gandisha sampuli, kisha pima zote za mgonjwa mmoja pamoja, kwa bechi moja. Wala usihamie N Latex, kipimo shindani cha Siemens, katikati ya safari: inatumia kingamwili za monokloni (za aina moja tu) na namba zake hazilingani. Kigezo cha mayeloma cha 2014 cha IMWG (kundi la kimataifa la wataalamu wa mayeloma), uwiano wa mnyororo husika, ule unaotoka kwenye seli za saratani, kwa mwenzake wa 100 au zaidi huku huo husika ukifika angalau 100 mg/L, kimejengwa juu ya Freelite.

Kwenye amiloidi ya AL, ugonjwa ambao minyororo myepesi hujikusanya na kuharibu viungo, angalia tofauti kati ya mnyororo husika na mwenzake, si uwiano. Ikianza juu ya 50 mg/L inafaa kufuatiliwa kwa vigezo vya kawaida. Kushuka chini ya 40 ni mwitikio mzuri sana. Hapo pia ndipo kipimo kinapoonyesha mpaka wake: baadhi ya wagonjwa wa AL wana uwiano wa kawaida kabisa, kwa hiyo agiza na imunofiksesheni (kipimo kinachotambua protini ya kundi moja la seli) ya seramu na ya mkojo siku hiyohiyo.