Tathmini: Simulizi ya sauti ya maisha ya Gus Dorais

Simulizi hii ya kusikiliza inamhusu Gus Dorais, mzaliwa wa Chippewa Falls, Wisconsin, aliyekuwa kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Notre Dame kabla ya kuwa kocha. Sehemu yake bora ni ya kiangazi cha 1913, wakati Dorais na mchezaji mwenzake Knute Rockne, waliokuwa wakifanya kazi katika hoteli ya Cedar Point, Ohio, walipotumia muda wao wa mapumziko kurushiana mpira ufukweni. Pasi ya kurushwa mbele iliruhusiwa tangu 1906, lakini makocha wengi hawakuiamini. Msimulizi anaeleza kwa utulivu jinsi mazoezi hayo yalivyozaa matunda tarehe 1 Novemba 1913 huko West Point, kwenye chuo cha kijeshi cha Marekani, ambako Notre Dame iliishinda timu ya Jeshi 35–13, na hadai kwamba vijana hao ndio waliobuni pasi hiyo, kosa ambalo wasimulizi wengi hulirudia.

Upande wa ukocha umefupishwa mno. Kazi yake katika Chuo Kikuu cha Gonzaga inapitiwa haraka, na miaka ya Chuo Kikuu cha Detroit, kuanzia 1925 hadi 1942, inastahili zaidi ya dakika chache ilizopewa. Hata hivyo, nilifurahi kusikia kwamba bingwa huyu wa pasi ndiye aliyeiongoza timu ya Detroit Lions mwaka 1943 katika sare ya 0–0 dhidi ya New York Giants, ambayo haijatokea tena katika NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huo. Sauti ni safi, ila muziki wa chinichini unachosha.