Ikwalaiza ya gitaa la besi: ipi ununue kwanza, ipi isubiri

Wapigaji besi wengi wa kwetu, wawe wa kanisani, wa bendi ya dansi au wa taarabu, hupigia amplifaya isiyo yao. Ni ya ukumbi, ya kanisa au ya mwenye vyombo vya kukodi, na ukifika unakuta nobu ya besi imepandishwa hadi mwisho na aliyekutangulia. Mara nyingine hakuna amplifaya kabisa: unakabidhiwa waya unaokwenda moja kwa moja kwenye miksa. Kwa hiyo nimepanga vifaa vyenye ikwalaiza, yaani vya kupandisha au kushusha sauti za chini, za kati na za juu, kwa mambo mawili. Je, kinakupa uwezo gani juu ya sauti za kati? Na je, unaweza kukitia begini ukaondoka nacho?

Nasisitiza sauti za kati kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu akiona besi yake haisikiki, anakwenda dukani kutafuta "besi zaidi". Tuangalie namba. Uzi wa E ukipigwa bila kubanwa hutoa Hz 41 (yaani mitetemo 41 kwa sekunde), wa A Hz 55, wa D Hz 73 na wa G Hz 98. Mwenye nyuzi tano ana B inayoshuka hadi kama Hz 31. Lakini noti haiji peke yake. E ya Hz 41 inapanda na wenzake wa Hz 82, 123, 165 na kuendelea, na hao ndio wanaoliambia sikio kwamba hii ni E. Spika ya inchi 8 au 10 kwenye boksi dogo hutoa Hz 41 kidogo sana; noti nzima tunaisikia kwa msaada wa hao wa juu.

Sasa pandisha nobu ya besi. Kila desibeli 3 (kipimo cha ukubwa wa sauti) unazoongeza zinadai nguvu mara mbili katika eneo hilo, na desibeli 10 zinadai mara kumi. Amplifaya ya Wati 40 haina Wati 400 za kukupa. Kinachotokea ni spika kukoroma, noti kupoteza umbo, na mpiga gitaa la solo kukugeukia akuulize mko wimbo gani.

Mimi hugawanya hivi. Kati ya Hz 40 na 80 kuna uzito unaousikia kifuani, na hapo kiki ya drums (ile ngoma kubwa ya mguu) inagombea nafasi nawe. Kati ya 100 na 250 kuna unene. Ukizidi, ukumbi unavuma, hasa wenye paa la bati na kuta tupu. Kati ya 400 na 800 ndipo mstari wa besi unaposomeka. Kwenye rumba, ambako besi inaongea, inanyamaza, kisha inarudi na kifungu kifupi, hapo ndipo kila kitu kilipo. Kwenye Hz 2,000 hadi 4,000 unasikia kidole kikigusa uzi. Juu zaidi ya hapo, kwa muziki wetu mwingi, ni mlio wa hewa tu.

Ndiyo maana ule mtindo wa kupandisha chini na juu na kushusha katikati hunisikitisha. Chumbani, peke yako, unapendeza mno. Gitaa la rithimu, kinanda na kiki vikiingia, besi inatoweka.

Nafasi ya kwanza: priampu ya miguuni yenye DI na nobu ya sauti za kati

Kwa mtu anayepiga sehemu tofauti kila wiki, hiki ndicho kitu cha kwanza kununua baada ya gitaa lenyewe. Priampu huandaa sauti ya gitaa kabla haijafika kwenye amplifaya, na DI ni njia ya kuipeleka moja kwa moja kwenye miksa. Kinakaa kati ya gitaa na mfumo wowote utakaoukuta. Kina tundu la XLR (lile la pini tatu) la kupeleka sauti kwenye miksa, na tundu la kawaida la kupeleka kwenye amplifaya iliyo nyuma yako. Fundi mitambo anapokea sauti uliyoitengeneza wewe, na wewe jukwaani unaweza kugusa amplifaya upendavyo.

Tech 21 SansAmp Bass Driver DI ndiyo maarufu kuliko zote. Ya awali ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1990 na haikuwa na nobu ya sauti za kati. Tena sauti yake yenyewe ilikuwa na bonde pale katikati, na waliopiga na bendi kubwa wakalilalamikia. Toleo la V2 lilirekebisha hilo. Lina nobu ya kati unayoweza kuiweka Hz 500 au 1,000, na nobu ya besi unayoweza kuiweka Hz 40 au 80. Swichi hizo mbili ndizo zinazonifanya niiweke juu ya zote. Ukumbi unavuma? Hamisha besi iende 40 na uishushe kidogo. Spika za ukumbi ni ndogo? Hamisha iende 80, usihangaike na ya chini ambayo spika haiwezi kuitoa. Ukiinunua ya mtumba, hakikisha ni V2; ukiona haina nobu ya kati, hiyo ni ya zamani na bei yake inapaswa kushuka.

Behringer BDI21 inafuata wazo la ile ya zamani kwa bei ya chini sana. Boksi lake ni la plastiki na nobu ya kati haina. Kama mfuko hauruhusu zaidi, inunue kwa ajili ya lile tundu la XLR, ambalo peke yake linakuondolea ugomvi na fundi mitambo. Ila nobu ya blend, inayochanganya sauti halisi ya gitaa na sauti ya kifaa, usiipeleke mwisho. Iache katikati ili sauti za kati za gitaa lako zipite.

Nafasi ya pili: ikwalaiza ya vitelezi saba, ya besi

Boss GEB-7 ina vitelezi (nobu za kusukuma juu na chini) kwenye Hz 50, 120, 400, 500, 800, 4,500 na 10,000. Kila kimoja kinapanda au kushuka desibeli 15, na kingine cha nane kinapandisha sauti yote. Tazama jinsi vitatu kati ya hivyo saba vilivyobanana kati ya 400 na 800. Aliyeiunda alijua besi inaishi wapi. Pandisha 400 na 500 kwa desibeli 3 au 4 tu, shusha 50 kidogo, na mstari wako unatokea mbele ya kinanda bila kuongeza sauti ya amplifaya.

Udhaifu wake ni pengo kati ya 120 na 400. Matope mengi ya ukumbi yako kwenye 200 na 250, na hapo kifaa hiki hakifiki vizuri. Tena hakina XLR, hivyo unategemea DI ya ukumbi.

Dukani uwe macho: iko nyingine ya Boss inayoitwa GE-7, inafanana nayo kwa umbo, lakini ni ya gitaa la kawaida. Vitelezi vyake vinaanzia Hz 100. Muuzaji anaweza kukuambia ni ile ile, na si kweli. Soma herufi na namba zilizoandikwa juu ya vitelezi.

Behringer BEQ700 ni mbadala wa bei rahisi wa GEB-7. Inafanya kazi hiyo hiyo, ikiwa na mwili wa plastiki. Kwa mazoezi ya nyumbani na kwaya inatosha. Kwa anayesafiri na bendi kila wikiendi, jukwaa litaichosha mapema.

Nafasi ya tatu: amplifaya yenye nobu nne

Kama huna amplifaya kabisa, ruka hadi hapa kwanza. Kigezo changu ni kimoja: iwe na nobu mbili za sauti za kati, ya kati-chini na ya kati-juu, au nobu moja unayoweza kuchagua inagusa Hz ngapi. Jambo hili si geni. Ampeg SVT, iliyotoka mwaka 1969 ikiwa na Wati 300, tayari ilikuwa na swichi ya kuchagua Hz 220, 800 au 3,000.

Kwa ukubwa wa kubebeka, Fender Rumble 40 inanitosheleza: Wati 40, spika ya inchi 10, nobu nne, na tundu la XLR nyuma. Ndugu yake mdogo, Rumble 25, ana nobu tatu tu na spika ya inchi 8. Ni wa chumbani. Mwenye pesa na boksi la spika pembeni aitazame Markbass Little Mark, ambayo nobu zake nne zimewekwa Hz 40, 360, 800 na 10,000. Mbili za katikati zimekaa mahali pake hasa. Shida ya amplifaya ni ile niliyoanza nayo. Mara nyingi utaiacha nyumbani, na uwezo wote ulioununua utabaki nayo.

Nafasi ya nne: vitelezi kumi

MXR M108S inaanzia Hz 31.25 na kwenda ikizidisha mara mbili: 62.5, 125, 250, 500, 1,000 hadi 16,000, kila kimoja desibeli 12 juu au chini. Ina 250 ambayo GEB-7 haina, na ina 31.25 ambayo mwenye nyuzi tano ataishukuru anapotaka kupunguza ngurumo ya B. Kama kila Jumapili unapigia ukumbi uleule unaovuma, ipandishe hadi nafasi ya pili. Nimeiweka hapa kwa sababu inatumia umeme wa V 18 kupitia adapta yake, na kwa sababu vitelezi vyake vya juu kabisa havina kazi kubwa kwenye besi.

Nafasi ya tano: Zoom B1 Four

Ni ya mwanafunzi, na kwa mwanafunzi ni nzuri sana. Ndani yake kuna ikwalaiza, kifaa cha kulinganishia nyuzi (tuner), midundo ya drums ya kufanyia mazoezi na tundu la hedifoni, na inakubali betri ndogo za AA umeme ukikatika. Haina XLR, na kugeuza kitu katikati ya wimbo kunahitaji kuinama na kubonyeza.

Ya mwisho: kubadilisha saketi ndani ya gitaa

Music Man StingRay ya mwaka 1976 ndiyo iliyolitangaza wazo la besi yenye ikwalaiza na betri ndani yake. Raha yake ni kwamba nobu iko karibu na vidole. Lakini kufungua gitaa zima ili kuongeza saketi ni kazi ya fundi anayejua, na saketi nyingi za bei nafuu zina besi na sauti za juu tu, bila ya kati. Ukinunua gitaa ambalo tayari linayo, chomoa waya kila unapomaliza, maana waya ukiwa ndani betri inaendelea kuliwa.

Kitu kimoja usikinunue kabisa: ikwalaiza ya redio ya nyumbani, ile ndefu yenye taa, inayouzwa mitumba. Imetengenezwa kupokea sauti yenye nguvu kutoka kwenye deki. Gitaa la kawaida lisilo na betri linatoa kidogo sana, hivyo utapata sauti iliyofifia na kelele nyingi.

Namna ya kujaribu dukani

Uwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, nenda na gitaa lako na waya wako. Weka kila nobu katikati na upige mstari wa wimbo unaoujua, si mbio za vidole. Kisha pandisha nobu moja hadi mwisho, izungushe kutoka mwisho hadi mwisho, usikilize inagusa nini, irudishe. Ikikwaruza, ina vumbi au imechoka. Fanya hivyo kwa kila moja. Halafu omba amplifaya ipandishwe hadi sauti ya kupigia na bendi, kwa sababu sikio husikia sauti za chini kwa unyonge zikiwa ndogo. Besi iliyojaa vizuri kwa sauti ndogo itakuwa nzito kupita kiasi jukwaani. Muuzaji akikataa kupandisha sauti, nenda duka la jirani.

Jambo la kwanza la kugusa liwe kushusha. Noti zikichanganyika, shusha unene kabla ya kuongeza uwazi. Na kabla ya kutoa pesa yoyote, jaribu kupeleka mkono wa kudonoa karibu na daraja la gitaa: sauti za kati zinaongezeka papo hapo, bure.

Mwisho, umeme. Amplifaya ya mtumba kutoka Marekani mara nyingi ni ya V 120, na sisi ukutani tuna V 230 Tanzania na V 240 Kenya. Tazama maandishi nyuma yake kabla hujaichomeka. Bila transfoma ya kushusha umeme itaungua. Pedali za Boss zinataka V 9 na hasi katikati ya pini. Ukiwa nazo pamoja na MXR ya V 18, funga utepe wa rangi tofauti kwenye kila adapta siku hiyohiyo unapozinunua, kwa sababu ile ya 18 inaweza kuiua pedali ya 9 mara moja tu ukikosea gizani nyuma ya jukwaa.