Biti ya kutoboa mbao za kalamu: ipi ununue Mwanza, na ipi uiache dukani

Mbao ya kalamu, yaani kipande cha mbao kinachotobolewa kisha kuchongwa kuwa mwili wa kalamu, ikiharibika kwenye drili, angalia upande wa chini, pale biti inapotokea. Ncha inapokaribia kutoka, mbele yake hubaki utando mwembamba wa mbao usioegemea kitu. Hapo biti haikati tena, inasukuma, na utando huo unang'oka na ubavu wa kipande. Biti butu, mkono wenye haraka na unga uliojazana kwenye mifereji huongeza msukumo na joto, lakini chanzo ni hicho.

Tiba yake ni kutoitoa biti upande wa pili. Kata kipande kirefu kuliko mrija wa shaba unaogundishwa ndani yake, toboa bila kufika mwisho, kisha ondoa kwa msumeno kile kitako kisichotobolewa. Tundu linafunguka safi kwa sababu lililolifungua ni msumeno. Ndiyo maana dukani swali la kwanza si chapa wala rangi ya biti, ni urefu wa mifereji yake.

Chukua kalamu nyembamba ya kuzungusha, ile inayotumia biti ya milimita 7. Kila mrija wake una urefu wa karibu milimita 53. Ongeza 2 za kunyoosha vichwa na 12 za kutupa: kipande kinakuwa milimita 67. Unatoboa hadi 60. Biti ya urefu wa kawaida, inayofuata kipimo cha DIN 338 (DIN ni viwango vya Ujerumani), ina urefu wa jumla wa milimita 109 na mifereji ya 69, kwa hiyo, hata ukihesabu ncha, milimita kadhaa za mifereji zinabaki nje ya tundu na unga una pa kutokea. Mifereji ikizama yote, unga hushindiliwa ndani, mbao inapata moto, na kipande kinaweza kupasuka kabla hata hujafika chini. Biti fupi za DIN 1897 za kipenyo hicho zina mifereji ya milimita 34 tu. Ni imara na haziyumbi, ila kwa kazi hii hazifiki. Kwa kalamu nene za milimita 10, biti ya DIN 338 ina mifereji ya 87, inatosha mirija mingi.

1. HSS-G yenye ncha ya pembe ya nyuzi 135 iliyochongwa msalaba. HSS ni chuma kigumu cha kukatia kwa kasi. Hii ndiyo ya kununua kama unanunua moja. Herufi G maana yake mifereji imechongwa kwa jiwe, si kufinyangwa, kwa hiyo biti imenyooka na kipenyo chake ni cha kweli. Ncha ya msalaba hukamata palepale ulipoigusisha badala ya kutembea juu ya kichwa cha mbao. Kuna faida nyingine isiyosemwa sana: ncha ya nyuzi 135 kwenye biti ya milimita 7 ina kimo cha karibu 1.5, wakati ile ya 118 ina karibu 2.1. Ncha fupi inapoteza mbao kidogo chini ya tundu. Inafaa mninga, mtiki, mvule, mpingo, hata vipande vya akriliki ukienda taratibu.

2. Biti ya mbao yenye mwiba katikati na visu viwili pembeni. Visu hukata nyuzi za ukingo kabla ya katikati kuondolewa, kwa hiyo mdomo wa tundu huwa safi kuliko wa biti nyingine yoyote hapa. Tatizo ni kwamba kalamu hutobolewa kufuata urefu wa nyuzi, na mwiba ukikuta nyuzi ngumu karibu na laini hufuata njia ya laini, tundu linapinda. Kwa msonobari na mbao zenye nyuzi sawasawa ni nzuri. Kwa akriliki usiitumie, visu vitaibandua ukingo. Hakikisha umepima mifereji, maana nyingine huuzwa fupi.

3. HSS-R ya nyuzi 118. Hii ndiyo biti nyeusi ya kila duka la vifaa. Imefinyangwa, bei ni nafuu, na si mbaya. Inataka uipigie alama ya msumari katikati ya kipande kwanza, la sivyo itatembea. Fundi anayejua kunoa anaweza kuipa ncha nzuri na kuipandisha hadhi. Asiyejua aongeze pesa kidogo achukue namba moja.

4. Kobalti, HSS-Co. Ile ya daraja la M35 ina kobalti asilimia 5 na hubaki na makali hata ikipata moto. Kwa anayetoboa mpingo kila siku kwenye drili ya kusimama, inalipa. Kwenye drili ya mkono ikipindishwa kidogo hukatika, kwa hiyo wengi watakuwa wamelipia sifa wasiyoitumia.

5. Seti ya rangi ya dhahabu kwenye boksi. Mipako halisi ya titani ipo na inasaidia, ila seti nyingi za bei ya chini ni rangi tu juu ya chuma laini. Ukiinoa mara moja rangi ya ncha imekwenda na unabaki na ulichonunua.

Biti za zege na zile bapa za seremala hazimo kwenye orodha. Muuzaji akikuambia "hii inatoboa kila kitu", shukuru, endelea na duka linalofuata.

Kabla ya kulipa, viringisha biti juu ya kioo cha kaunta. Ikirukaruka, imepinda. Tazama ncha kwa mbele: makali mawili yawe na urefu sawa. Likizidi moja, tundu litakuwa pana kuliko biti na mrija utacheza kwenye gundi. Nenda na mrija wako na vernia, kile kifaa cha kupimia kipenyo. Kalamu za kuagiza nje wakati mwingine hutaja inchi, na 27/64 ni karibu milimita 10.7, kipimo ambacho si kila duka la mjini linacho. Toboa kipande cha majaribio kwanza: mrija uingie kwa kidole bila kupigwa nyundo, na bado pawe na nafasi ya epoksi.

Biti nzuri haitakuokoa na mbao mbichi. Unga wake unanata kwenye mifereji, na kipande kikikauka baadaye juu ya shaba isiyosinyaa, kinachanika chenyewe. Pima uzito wa vipande kila baada ya siku chache. Ukiacha kushuka, toboa. Kwa mpingo, dai risiti na hati za mazao ya misitu unaponunua.

Wakati wa kutoboa, kipande kibanwe kwenye jiliwa kikiwa wima, na kitako kikae juu ya ubao wa kutupa. Mzunguko wa 1,000 hadi 1,500 kwa dakika unafaa milimita 7. Mpingo na akriliki vipe pungufu ya hapo. Funga utepe kwenye biti kwenye milimita 60, ukipima kutoka mabega ya ncha, si kutoka kilele, kwa kuwa kilele hakitoboi kipenyo kamili. Kila milimita 6 ichomoe biti, futa unga, ingia tena. Biti ikiunguza vidole, pumzisha biti na mbao: mpingo ukishikwa na joto hufanya nyufa nyembamba ambazo utaziona tu wakati wa kupiga msasa.

Ukilazimika kutoboa hadi nje kwa sababu mbao ni fupi, loanisha kichwa cha kutokea kwa supaglu nyepesi, acha ikauke kabisa, kibane juu ya ubao mgumu bila nafasi, na punguza msukumo kwenye milimita 10 za mwisho.

Unyevu wa ziwani hula makali ya biti iliyoachwa mezani. Ifute kwa kitambaa chenye oili ya mashine na uihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, na kabla ya kazi ya kesho toboa kwanza mbao ya kutupa ili oili isiingie kwenye kipande utakachogundisha.