Kipoza oili cha pleti nakikubali, ila aliyenifungia asinikaribie

Nina mashine ya kutengeneza mabeseni na ndoo za plastiki hapa Vingunguti. Kipoza oili chake cha zamani, lile dude refu lenye mirija ndani, kilikuwa kimechoka. Ikifika saa saba mchana oili imepanda nyuzi 65, pampu inalia, na beseni linatoka mdomo haujajaa. Nikashauriwa niweke cha pleti, yaani mabamba membamba ya chuma yaliyobanwa pamoja, maji ya kisima yanapita upande mmoja wa bamba na oili upande wa pili. Nikaweka.

Siku za mwanzo nilikisifia kwa kila mtu. Kidude hakizidi dumu la maji, na oili ilibaki nyuzi 46 kutwa nzima.

Baada ya mwezi hivi geji ikaanza kupanda. 50, 55, 62. Nikazima mashine na oda ya watu ninayo. Nikampigia fundi aliyeniuzia na kunifungia. Akanijibu, "Mama, nimekuuzia kipoza, sikukuuzia maji." Akakata simu.

Mikono ilinitetemeka kwa hasira. Huyu alikuja mwenyewe, akakiona kisima, maji akayaonja kwa ulimi wake akasema yana chumvi kidogo tu, hayana neno. Habari ya chujio hakuitaja kabisa! Njia ya maji kati ya pleti na pleti ni milimita chache. Ile mirija ya zamani ilikuwa inapitisha mchanga wote wa kisima, pleti haziwezi. Hilo yeye analijua, na mimi nilimlipa ili anijulishe.

Tukakifungua wenyewe, mimi na mwanangu. Kabla ya kugusa spana tulipima upana wa pleti zote zilivyobanwa, tukaandika kwa chaki ukutani, maana ukija kukaza kupita pale unaziponda, ukilegeza oili inavuja. Pleti ya tatu nilipoivuta, tope jekundu lilikuwa limegandia kwenye mifereji kama ukoko wa uji. Tukasugua kwa maji na brashi laini, ya waya ingezikwaruza. Kabla ya adhuhuri mashine inanguruma, geji iko 46. Hapo nikakipenda upya, kwa kweli. Kingekuwa cha aina ile iliyounganishwa kwa shaba, isiyofunguka, ningekitupa.

Kwa hiyo nilikaa niandike kwamba nunueni, mradi kiwe cha kufunguka na chujio litangulie. Lakini nikikumbuka nilichokiona kwenye pleti mbili za mwisho roho inaniuma: vidoti vya kutu, vidogo kama vichwa vya pini. Chumvi hiyo. Chuma cha pua cha kawaida hakiivumilii, na pleti za titani zinazoivumilia bei yake siiwezi. Kidoti kikitoboka, maji yanaingia kwenye oili na pampu imekwenda. Basi mwenye maji ya chumvi kama yangu asinisikilize mimi, abaki na mirija yake kwanza.

Juzi fundi kapiga, anauliza kama nahitaji gasketi, zile mpira za kuziba kati ya pleti na pleti. Nikamwambia aje azione zile pleti mbili kwa macho yake, mbele ya mwanangu. Hajaja.