Kamera ya sola na laini: niliinunua kwa ajili ya wezi, ikanionyesha mbwa wangu

Kamwene, ndugu zangu, karibuni. Leo niko nyumbani kwangu hapa Mafinga, na huyo mnayemsikia nyuma yangu ni Askari, mbwa wetu, ana miaka minne. Ameniona nimenyoosha simu mbele, anadhani tunatoka.

Hiki nilichoshika ni kamera ya ulinzi inayotumia laini ya simu na sola. Haitaki waya wa umeme wala intaneti ya nyumbani. Unachomeka laini, unaweka bando, unashusha programu yake kwenye simu, basi. Nimelipa shilingi 145,000 Kariakoo, mzigo ukaja na basi. Niko nayo tangu mwezi wa tano, baridi yote ya Juni na Julai tumepita nayo pamoja, kwa hiyo sifungui boksi leo, nawaambia nilichokiona.

Kwa nini niliinunua? Kwa jirani waliingia wakabeba mtungi wa gesi na betri ya pikipiki. Mume wangu anasafiri na mbao, anaweza asiwepo wiki nzima. Mimi dukani kuanzia asubuhi, watoto shuleni. Anayebaki nyumbani ni Askari peke yake.

Siku ya kwanza nikapokea picha imeandikwa 08:20, lakini nje giza totoro. Nikadhani mbovu. Kumbe saa yake ilikuwa ya China, iko mbele yetu kwa saa tano. Ingia kwenye mipangilio, tafuta majira, weka GMT+3. Ukiacha hivyo halafu siku moja upeleke picha polisi, utaanza kueleza saa badala ya kueleza mwizi. Na programu yote ni Kiingereza, Kiswahili hakuna. Mwekee mzazi wako mwenyewe, usimwachie ahangaike.

Sasa, kelele. Usiku wa kwanza simu yangu ililia mara 61. Nilihesabu asubuhi. Zote ni Askari! Hii kamera ina kihisi kinachoshika joto la mwili linalotembea mbele yake, na mbwa ana joto kuliko hata sisi. Akizunguka nyumba, taarifa. Akijikuna, taarifa. Mwenye mbwa fanya hivi: ifunge juu, kama mita mbili na nusu au tatu, punguza wepesi wa kihisi, halafu washa kile kipengele cha kutoa taarifa kwa binadamu tu. Mimi baada ya hapo napata taarifa nne au tano kwa usiku. Kurekodi kwenye memori kadi niliacha iendelee kurekodi kila kinachotembea, na nashukuru niliacha.

Hebu oneni rekodi hii, nasogeza simu karibu. Ni ya mwezi wa sita, 03:12, yaani saa tisa na dakika kumi na mbili usiku. Pale kwenye sakafu ya kibaraza, amejikunja, pua ameificha chini ya mkia. Tazameni mgongo. Anatetemeka. Sasa anainuka, anajizungusha, analala tena. Dakika mbili, anainuka tena. Nilikaa jikoni na chai yangu nikaangalia usiku ule wote kwa kuruka ruka, na Askari alibadilisha mahali mara tisa mpaka kunakucha. Juni, Mafinga, juu ya saruji. Mimi niko ndani na mablanketi mawili.

Na banda analo! Hilo ndilo lililoniuma. Miaka minne nimekuwa nikijiambia mbwa wangu ana banda. Nikaenda nikapiga magoti, nikaingiza mkono ndani. Chini kulikuwa na unyevu, gunia limelowa, na mlango tuliuelekeza upande upepo unakotokea. Asubuhi tulikuwa tukimkuta kibarazani, tunasema huyu mbwa mkali, anapenda kulinda mlango. Alikuwa anatafuta pakavu.

Tulilijenga upya Jumamosi. Mabanzi hapa kwetu si shida, tuko kwenye msitu wa Sao Hill, mbao ndiyo kazi ya mji. Tuliliinua juu ya matofali ili maji yapite chini, mlango tukaugeuzia ukutani, na ndani tukajaza maranda makavu tuliyopewa bure kwenye mashine ya randa. Banda lijengeni dogo, ndugu zangu. Banda kubwa halishiki joto la mbwa. Awe na nafasi ya kujigeuza na kulala, inatosha. Maranda nabadilisha kila wiki mbili, yakilowa kabla ya hapo natoa siku hiyohiyo.

Turudi kwenye kamera. Sola yake ilinisumbua Juni. Betri ilishuka mpaka asilimia 28, nikadhani ni ukungu tu. Ukungu upo kweli, kuna siku jua tunaliona saa sita mchana. Lakini fundi alikuwa ameielekeza kusini. Sisi tuko kusini mwa Ikweta, miezi ya baridi jua linapita upande wa kaskazini. Nikapanda ngazi nikaigeuza, ndani ya siku tatu betri ikapanda hadi 80.

Ukungu wa usiku ndio sijaupatia dawa. Kamera inatoa mwanga usioonekana kwa macho ili ione gizani, na ule mwanga ukigonga ukungu unairudia yenyewe. Picha inakuwa nyeupe kama shuka, geti halionekani. Usiku kama huo nina Askari tu, na yeye ukungu haumzibi masikio wala pua. Kwa hiyo anayefikiri akinunua hii aache kufuga mbwa, kwa huku kwetu namwambia hapana.

Bando: kuangalia moja kwa moja kwa picha kali kulinila karibu MB 400 kwa nusu saa. Shusha ubora. Jingine, kamera isiangalie uani kwa mtu. Ya kwangu mwanzo ilikuwa inaona jiko la nje la jirani, nikamwita, nikamwonyesha, tukaigeuza pamoja. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata isingekuwepo, dada wa watu anapika, umwangalie wa nini?

Sasa kitu kinachosifiwa sana na wauzaji, spika. Unabonyeza, unaongea ukiwa mbali, sauti inatokea kwenye kamera. Mtu akigonga geti nauliza "nani mwenzangu?" nikiwa dukani, anajibu, inafanya kazi vizuri. Lakini kwa mbwa sikilizeni.

Siku moja mchana nilimwona Askari amekaa getini, nikamhurumia. Nikabonyeza nikaita, "Askari! Askari wangu!" Aliruka. Mkia unakwenda huku na huku. Akakimbilia mlango wa jikoni, akanusa chini ya mlango. Akazunguka nyumba, akarudi, akanusa tena. Nikaita mara ya pili nikidhani namtuliza. Akaja chini ya kamera, akainua kichwa, akaanza kulia. Si kubweka, kulia. Sauti yangu ipo, harufu yangu haipo. Nilinyamaza. Alilala pale mlangoni saa nzima na zaidi, kila pikipiki ikipita anainua kichwa. Ilibidi nimwombe mwenzangu abaki na duka, nikarudi nyumbani.

Sijamwita tena kwa kamera. Najua wengi mnainunua kwa ajili hiyo, mkae kazini mwongee na mbwa wenu. Mbwa wengine labda wanazoea. Wa kwangu aliteseka, na niliyemtesa ni mimi, kwa hiyo siwezi kuisifia.

Kama una mbwa na unaishi kwenye baridi kama sisi, Mufindi, Makambako, Njombe, nunua. Wiki ya kwanza usitafute mwizi. Angalia rekodi za usiku kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja, uone anakolala.

Hii ni ya jana. 04:05. Kibaraza kitupu. Sasa tazameni banda, pale mlangoni, hicho cheusi. Ni pua yake.