Mguu wangu, miiba ya Nyali na dirisha la malipo

Nilikwenda Mombasa kutembea, nikarudi Dar na faili la hospitali. Siku ya pili tu, maji yakiwa yamekupwa pale Nyali, nilitoka peku kwenda kuchungulia miamba, nikamkanyaga mdudu yule mweusi wa baharini mwenye miiba mirefu kama sindano. Miiba saba ilikatikia kwenye unyayo, na kila ulipoingia mmoja pakabaki doa la zambarau kama tone la wino.

Kijana muuza madafu alinikuta nimekaa mchangani nimeuma kanga. "Usikamue dada, itakatika zaidi." Akakimbia, akarudi na papai bichi, akalichanja na kunipaka utomvu wake. Huko pwani dawa hiyo wanaiamini sana. Mimi naona kilichonituliza ni maji ya moto niliyotumbukiza mguu baadaye hotelini, moto wa kuvumilika tu, lakini papai sina ugomvi nalo.

Siku ya nne asubuhi madoa sita yalikuwa yamefifia. La saba, chini ya kidole gumba, lilizidi kukoza na kiungo kikavimba. Nikapanda tuktuk, tukavuka daraja la Nyali hadi hospitali moja binafsi kisiwani. Jina silitaji, maana nusu ya ninayoyasema si sifa.

Nianze na sifa. Kupimwa presha na joto hakukuchukua hata dakika kumi. Muuguzi, mama wa makamo mwenye mtandio mweupe, akaniuliza, "Sindano ya pepopunda ulidungwa lini, mamangu?" Nikacheka na maumivu yangu. Kwetu tunachomwa sindano; ukisema umedungwa, watu watakuuliza mimba ina miezi mingapi. Nilipomweleza alicheka mpaka akaweka trei chini. Daktari naye alikuwa na subira. Akanifahamisha kwamba ile rangi ya miiba huondoka yenyewe ndani ya siku mbili tatu. Doa likigoma kuondoka, kuna uwezekano kipande kimebaki ndani. Eksirei ikaonyesha kweli kipo, jirani kabisa na kiungo. Akapiga ganzi, akachokoa, akatoa kitu kisichofika hata punje ya mchele, akakilaza juu ya pamba nikione. Katika yote, ganzi ndiyo iliyouma zaidi. Hapo nawapa nyota tano, sibani.

Sasa dirisha la malipo. Kabla ya eksirei unarudishwa dirishani, kabla ya ganzi dirishani, kabla ya dawa dirishani, na mimi naruka kwa mguu mmoja. Kadi yangu ya NHIF, bima ya afya ya kwetu Tanzania, nilijua haivuki mpaka wa Horohoro. Dada wa dirishani akanitania kwamba hata NHIF ya kwao ilishazikwa, tangu Oktoba 2024 wako kwenye SHA, mamlaka iliyochukua nafasi yake. Bima ya safari ninayo, ila yangu ni ya kulipa kwanza na kudai baadaye. Kadi ya benki ikagoma mara tatu. M-Pesa yangu ya Vodacom ikakataa namba ya malipo ya hospitali. Mkononi nina shilingi 2,000 za Kenya, na jumla imeshafika 14,300.

Aliyeniokoa ni dereva wa tuktuk aliyekuwa akinisubiri nje. Kutoka M-Pesa ya Tanzania unaweza kumtumia mtu mwenye M-Pesa ya Kenya, basi nikamtumia yeye, naye akalipa kwa simu yake nikiwa nimesimama pembeni. Angetaka, angewasha chombo chake akapotea. Nilipomwongeza cha juu alikataa, akachukua nauli na ya kusubiri, basi.

Kumbe wema ule ulikuwa na gharama yake. Nimefika Dar, nimepeleka risiti, ripoti ya daktari yenye muhuri na nakala ya pasi yenye mihuri ya mpakani, bima wakanirudishia faili: mlipaji kwenye risiti ni mwanaume, mgonjwa ni mwanamke, huyu ni nani yako? Risiti ilikuwa imetoka kwa jina la mwenye simu. Kuomba hospitali wairekebishe ikanichukua siku kumi na moja za kupiga simu, kila siku naambiwa mhusika ametoka kidogo. Dirishani pale mtu angeniuliza tu jina la mgonjwa, haya yote yasingekuwepo. Upande huo nyota moja, na hiyo ni ya yule dada mcheshi.

Kwa hiyo ukilipiwa na mtu, usibanduke pale kabla hujasoma jina kwenye risiti. Mimi pesa yangu iliingia wiki ya saba. Dereva bado hunitumia salamu. Ameniandika kwenye simu yake "Mama Miiba", na kila mara huuliza kama bima imepona.