Kihisi cha nje kwenye boila: uzoefu wangu hapa Leicester

Nianze na jibu kabisa, maana najua wengi mtaishia aya ya kwanza: kama una boila ya gesi ya kisasa na nyumba ni yako, funga kihisi cha nje, yaani kile kifaa cha ukuta wa nje kinachoiambia boila kuna baridi kiasi gani. Nimekipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya wafungaji, kifaa chenyewe hakina kosa.

Kwa aliyefika juzi kutoka nyumbani na bado anashangaa mabomba ukutani: nyumba nyingi za Uingereza hupashwa joto kwa maji ya moto yanayozunguka kwenye redieta, yale mabamba ya chuma ya ukutani. Boila inapasha maji, pampu inayasukuma, themostati ya sebuleni inaamua saa ya kuwasha na kuzima. Kwa mpangilio uliozoeleka maji hutoka na joto lilelile siku zote, digrii 70 au 75, iwe nje kumeganda barafu au ni manyunyu tu ya Oktoba. Nyumba ikipata moto themostati inakata, ikipoa inawasha tena kwa nguvu zote. Unashinda unavua sweta na kuvaa sweta.

Hesabu yake si ngumu. Nyumba unayotaka ibaki na digrii 20 hupoteza joto kulingana na tofauti iliyopo kati ya ndani na nje. Nje kukiwa na 10, tofauti ni 10. Nje kukiwa na 0, tofauti ni 20, kwa hiyo joto linalotoroka ni mara mbili. Sasa kwa nini maji ya kwenye redieta yawe ya moto sawasawa siku zote mbili? Kihisi cha nje kinaondoa upuuzi huo. Boila inasoma baridi ya nje, halafu inajichagulia joto la maji kwa kufuata mstari uliowekewa: nje kukizidi baridi, maji yanazidi moto.

Yangu ni Viessmann Vitodens 100-W, na nyumba ni ile ya matofali iliyobanana na za majirani, ya zamani, kuta hazina uwazi katikati. Nje kukiwa na 10, maji yanatoka na 35 hivi. Kukiwa na 0, yanapanda mpaka 46 au 47. Asubuhi ya hasi 5, ambayo kwa Leicester ni baridi ya kusimuliana, nimeyaona kwenye 52. Hayajafika 60 hata mara moja, na watoto hawajalalamika. Nakiri redieta zangu ni kubwa, za bamba mbili. Mwenye redieta ndogo nyembamba atahitaji maji ya moto zaidi ya hayo.

Gesi inaokolewaje? Boila zote zinazofungwa siku hizi ni za kondensi; England na Wales zilianza kuwa lazima mwaka 2005, isipokuwa kwa sababu maalumu. Moshi wa gesi una mvuke mwingi wa maji. Mvuke huo ukipozwa humo humo ndani ya boila mpaka ukawa maji, unaliacha joto lake kwako badala ya kwenda nalo angani. Lakini ili upoe, maji yanayorudi kutoka kwenye redieta lazima yawe chini ya digrii 55 hivi, na yakirudi ya chini zaidi faida inaongezeka. Mtu anayetuma maji ya 75 yakarudi na 60 na kitu, amenunua boila ya kondensi na haikondensi. Mimi najua yangu inafanya kazi kwa sababu kuna kibomba cheupe cha plastiki kinachopita chini ya sinki ya jikoni kwenda nje. Zamani kilikuwa kimya. Sasa siku za baridi ukisimama unaosha vyombo unakisikia kinachuruzika mchana kutwa.

Kwenye mita, siku za baridi ya nyuzi 3 au 4 tulikuwa tunakula kama uniti 60 za gesi (kWh) kwa siku, sasa ni 52 au 53. Siwezi kuapia tofauti yote hiyo, upepo nao una mambo yake, lakini inaonekana.

Ila kilichonifanya nikipende ni raha ya ndani kuliko bili. Joto limetulia, halipandi wala halishuki. Ile milio ya mabomba chini ya mbao za sakafu, tik-tik-tik kila boila ikiwaka, imekwisha, kwa kuwa mabomba hayapigwi tena na maji ya moto ghafla.

Kazi ni kuwaelewesha watu. Mama alikuja kututembelea kutoka Tanga mwezi wa Januari, akaweka kiganja kwenye redieta, akanigeukia: "Mwanangu, hili dubwana lenu mbona halina moto? Limekufa?" Nikamwonyesha kipimajoto kwenye rafu, digrii 20 na nusu. Akasema kipimajoto nacho kimekufa. Alikaa na kanga mbili juu ya sweta kwa siku kadhaa, kisha nikaona kanga zimepungua, sikuuliza. Mtu aliyezoea redieta ya kuunguza mkono ataona ya uvuguvugu ni mbovu. Haina ubovu wowote, inatoa kidogo kidogo muda wote badala ya kutoa nyingi kwa vipindi.

Na hapa kuna hasara za kweli, nisizifiche. Nguo hazikauki. Sare za shule ulizokuwa unazitandaza kwenye redieta usiku na kuziokota kavu asubuhi, sasa unaziokota mbichi pindoni. Tumenunua kianikio cha umeme. Pili, nyumba iliyopoa kabisa inachukua muda mrefu kupata joto. Tuliporudi kutoka likizo ya Krismasi ilichukua karibu siku nzima. Kwa hiyo ule mtindo wetu tuliozoea, washa saa moja asubuhi, zima, washa tena jioni, hauendani na mfumo huu. Usiku sizimi, nashusha digrii mbili au tatu basi. Kama nyumba yako inashinda tupu tangu asubuhi hadi usiku, ukifanya hesabu huenda usione faida kubwa.

Kuupata mstari sahihi kunataka subira. Ukali wake, yaani maji yapande kwa kasi gani nje kukipoa, hupewa namba. Fundi aliuacha kwenye 1.4 kama ulivyotoka kiwandani, tukawa tunatoka jasho. Niliushusha hatua kwa hatua hadi 1.2, kila nikiugusa nangoja siku nzima au mbili kabla ya kuugusa tena. Kanuni ninayoifuata: kama ndani ni sawa siku za kawaida lakini pana baridi nje kukiwa na barafu, ongeza ukali wa mstari. Kama ni sawa siku za barafu lakini siku za uvuguvugu unasikia kibaridi, acha ukali kama ulivyo, inua mstari wote juu kidogo. Na wakati wa kupima fungua valvu zote za redieta hadi mwisho, maana ukiziacha kwenye namba 2 au 3 zitakuwa zinakuzuia wewe mwenyewe. Chumba kimoja kikizidi moto ndipo uifunge valvu ya chumba hicho.

Sasa ile nyota niliyoizuia. Kijana aliyetumwa kunifungia alikibandika kihisi ukuta wa kusini, kwa sababu ndiko waya ulikofika kirahisi. Kenyewe ni kaboksi keupe ka plastiki, kakubwa kidogo kuliko kiberiti, waya mbili tu. Januari hakikusumbua. Machi jua lilipotoka kidogo, saa tano asubuhi boila inaniambia nje kuna 19 ilhali simu inasema 8, na mimi nimesimama uani na koti. Ikazima kabisa. Nyumba ikapoa mpaka jua lilipohama ukuta. Kupiga simu ikawa safari: wa kwanza akanishauri nikichomoe tu "utumie themostati kama kila mtu", wa pili akadai ndivyo vinavyofanya kazi. Mwishowe nilitafuta fundi mwingine aliyesajiliwa Gas Safe, yaani orodha rasmi ya mafundi wa gesi, akakihamishia ukuta wa kaskazini, juu kidogo ya kichwa cha mtu, mbali na dirisha na mbali na bomba la moshi la boila. Tangu hapo hakijanidanganya.

Shemeji yangu anayeishi Ujerumani alinicheka. Kwao ni jambo la kawaida kabisa, boila kuongozwa na joto la nje, hata sheria zao zinalitaja. Huku, tangu Aprili 2018, boila mpya ya kombi (ile inayopasha pia maji ya bomba papo hapo, bila tangi) England lazima iambatane na kimojawapo cha vitu vinne vya kuokoa gesi, na kihisi cha nje ni kimojawapo. Lakini mafundi wengi wanapenda kukufungia themostati janja ya ukutani, kwa kuwa haihitaji kutoboa ukuta wala kupitisha waya. Nyingine kati ya hizo kazi yake ni kuwasha na kuzima tu, kwa hiyo una programu nzuri kwenye simu na maji bado ni ya 75.

Maji ya kuogea hayaguswi na haya yote. Kombi inayapasha kwa joto lake yenyewe ukifungua bomba. Wenye tangi la maji ya moto ndio waulize mapema, kwa sababu tangi linatakiwa kufika 60 kwa ajili ya bakteria wa lejionela, na boila lazima ijue kupandisha joto kwa ajili ya tangi kisha kurudi chini kwa redieta. Si kila mpangilio wa waya unaweza hilo.

Kuhusu bei: kihisi, waya na kazi ya kwanza vilinigharimu pauni 140, na kuhamisha ukuta pauni 60 nyingine ambazo sikupaswa kuzilipa. Kabla hujamwita mtu, fungua kijitabu cha boila yako uone kama inakikubali kihisi, na mwambie fundi kwa mdomo wako ni ukuta gani unaoutaka kabla hajatoa drili kwenye gari.